Ulimi wa Kengele

Milima ya Jura, Uswisi, 1874

Berni yatoa kauli:
padri ni wa serikali,
asaini, akubali,
au atoke nchini.

Padri Jolidon kasoma,
kaikunja, akahema,
kamwambia hivi mama:
"Tia soksi mkobani."

Siku ya theluji nene
waja askari wanne,
mmoja tusimnene,
ni mtoto wa jirani.

Mto Du wakamvusha,
kofia wakairusha,
darajani wakakesha
asirejee nyumbani.

Usiku baba kapita,
kengele kaifuata,
ulimi akaukata,
kauzika majivuni.

Padri wa Berni akaja,
misani mtu mmoja,
kamba avuta, angoja,
juu kimya mnarani.

Nilimrushia tope,
uso ukawa mweupe;
kanyamaza, asilipe,
kajipangusa shavuni.

Sisi zizini kwa Zeli:
padri, nguo za dalali
wa ng'ombe, sauti kali,
na hostia mfukoni.

Mlango wetu kagonga
yule wa Berni, mchanga,
baridi inamtwanga,
aomba moto jikoni.

Mama kachokoa jivu,
chuma kikatoa bavu.
Akaona, yu mwerevu,
kaangalia pembeni.

Kachukua kaa lake,
kafuata njia yake,
kwa Berni asiandike
neno moja baruani.

Padri wetu karejea,
baba ulimi katia,
ikalia, ikalia.
Yule yuko mji gani?