Kishona-Nguo wa Lindisfarne

Kabla maji hayajaimeza barabara ya kurudi bara
Bwana Dodds hutupanga kando ya gari
kama watoto wa kukaguliwa kucha.
Inua mguu. Geuka. Na wa pili.
Brashi yake inakwaruza soksi zangu za sufu,
na vile vidude vinang'ang'ania
kama mdai mwisho wa mwezi.

"Visivyo vya hapa havina adabu," anasema,
kisha anaona uso wangu.
Masikio yanamwiva.
"Namaanisha mmea."
Najua, Bwana Dodds. Maji yanapanda. Piga brashi.

Mmea wenyewe hauvuki kifundo cha mguu.
Unatambaa, kikonyo chekundu, majani yamepangwa
pande mbili kama ya waridi,
na kweli ni ukoo wa waridi,
yule ndugu aliyenyimwa urithi.
Kichwani kitufe cha miiba, kila mwiba na ndoana yake.

Wanasema haukuomba safari.
Ulifungwa ndani ya marobota ya sufu,
kondoo wa upande wa pili wa dunia;
sufu ikaoshwa viwandani, kando ya mto Tweed,
maji machafu yakaachiwa yaende zake,
na mbegu ikapata mchanga.

Jina nimeliazima Muheza.
Kule kishona-nguo ni mwingine, mrefu, mbegu nyeusi,
wa njia ya mkato ya shule,
aliyetushona sketi hata Mwalimu Nyange
akajua tulikopita, akatuchapa.
Mwaka wa njaa mama alimpika, tukamla.
Huyu wa hapa haliwi.

Shangazi Mwanahawa alicheka kwenye simu:
"Mgeni mwenzio huyo! Mng'oe kwa upole."

Hapana, shangazi. Usinishonee undugu huo.
Juni niliokota kifaranga kwenye nyasi za matuta,
malaika yake yameshonwa,
bawa kwa mguu, mguu kwa bawa,
mama yake akipiga kelele juu ya kichwa changu.
Nilikata ndoana moja moja kwa mkasi wa kucha.
Nilidhani nimemaliza.
Hakufika jioni.

Tangu siku ile nang'oa na mizizi,
na mizizi ni mingi, maana kila pingili
inayogusa mchanga huota mguu wake.
Mgongo unaniuma hadi Jumatano.

Usiku, Berwick, mashine ya kufulia inanguruma.
Kwenye pindo la kanga niliyojifunga kichwani
kimebaki kimoja; brashi haikufika huko.
Kidole kinatoa tone.
"Nini hicho?" anauliza Idrisa, mdomo umejaa mkate.
"Kishona-nguo."
"Kishono-ngua," anasema.
Simsahihishi.
Nakitia kwenye bahasha, naandika tarehe juu yake,
moja,
kwa sababu Bwana Dodds anahesabu.