Athari Moja ya Maji

Tulikuwa kaya kumi na moja, tukabaki tisa.
Naanza na hilo kwa kuwa mimi ndimi katibu,
na katibu hafichi hesabu.

Ardhi tuliinunua nje ya Mudhaibi,
pale barabara ya lami inapochoka:
mitende mia na kitu, mingi imekufa wima,
na falaji iliyokauka tangu babu yake Muhenna
alipofunga mlango akahamia Maskati.
Thuwaini, miaka ishirini na tisa kwenye visima vya mafuta,
alipanda juu ya kifusi akasema,
"Hapa ndipo tutakapojifunza kuishi kule."
Kidole hakikuelekea mbinguni.
Kilielekea chini, kwenye tundu la falaji.
"Asiyeweza kugawana maji na jirani
asipande roketi. Ataua watu."

Tukacheka. Kisha tukashika majembe.

Miezi saba ya tope, ndoo kwa kamba,
Nasra wa Bujumbura, daktari wa meno,
akitambaa mfereji mzima na taa kwenye paji la uso,
akigonga mawe kama anagonga magego.
Maji yalipotoka yalikuwa membamba, mkia wa panya,
tukapiga vigelegele hata mbuzi wa watu wakakimbia.

Kanuni tuliziandika usiku mmoja.
Lori la maji haliingii.
Hakuna kinachotupwa; hata mkojo una ukurasa wake kwenye leja.
Bustani ya ndani, chini ya vioo vya maduka yaliyofilisika,
ituvushe majira ya joto bila kununua hata bilingani.
Hisa ni muda, si riyali.
Athari: ndivyo wenyeji waitavyo nusu saa ya maji.
Mama yangu, na Kiswahili chake cha Tabora, akauliza,
"Athari ya nini?"
Ya kila kitu, mama.

Kina Ghalib waliondoka Julai.
Kiyoyozi. Siwalaumu,
mtoto alikuwa na upele hadi kwenye kope.

Wa pili siwataji jina.
Walihamisha maji usiku wa manane,
kitambaa na jiwe, athari moja tu,
na asubuhi vitunguu vyao vimesimama kama askari
vyetu vimekunja shingo.
Tulikaa kikao mpaka chai ikaota ngozi.
Nikasema, kule hakuna wa kumrudisha mwizi kwao.
Thuwaini akajibu, taratibu, akitazama viatu vyake,
"Ndiyo maana inabidi tujue kuishi naye."
Kura: tano kwa nne, waondoke.
Ya tano ilikuwa yangu.

Usiku tunazima simu.
Zamu tunaipima kwa nyota, kama ilivyopimwa hapa zamani:
nyota ikizama nyuma ya ukuta uliobomoka,
geuza maji.
Azza ana miaka tisa na macho kuliko sisi sote.
Jana aliuliza, "Na Mirihi mtapimia nini?"
"Nyota hizi hizi," akasema Thuwaini,
"ila zitachomoza pembe nyingine. Tutajifunza upya."
"Na Dunia? Si itakuwa nyota nayo?"
"Itang'aa sana. Lakini haifai kupimia maji.
Ni sayari, mwanangu. Haitulii mahali."
Azza akachukua daftari langu
akaliandika hilo kwa mkono wake uliopinda,
chini ya bei ya saruji.

Nyota yangu ilizama. Nikaliondoa jiwe.
Maji yakaenda kwa Nasra, kisha kwa Muhenna,
na zamu ya tisa ikaisha kabla ya alfajiri.
Ya kumi haina mwenyewe.
Nusu saa, kila usiku,
tunayaacha yapite kwenye vile vitunguu,
vimeshachanua sasa, vimeshindikana kuliwa,
na kikaoni, mara tatu nimeuliza kama kuna hoja nyingine,
hakuna aliyenyoosha mkono.