Herufi U

Deolinda anahesabu vijumba kwa midomo:
viwili wazi, kimoja kimezibwa,
viwili wazi.
Herufi huzaliwa hivyo,
tundu likinyimwa hewa.

F ya Filomena ilimla wiki mbili,
mkono wake wa kati ukamgomea mara tatu.
U ya Urbano ilikuwa rahisi:
nguzo mbili na sakafu.
Ndoo tupu.

Jumanne, kisiwani Pico, barua ikafika kutoka Toronto.
Filomena akaisoma amesimama,
akaikunja,
akachukua ndoo, akaenda kukama.

Mama hakuuliza. Alivuta ncha.
Kitanzi kwa kitanzi U ikafumuka,
nguzo, sakafu, nguzo,
na F ikabaki imenyoosha mikono yote miwili
upande usio na mtu.

Uzi ni ghali, hautupwi.
Aliuloweka, akauning'inizia jiwe jeusi
la ukuta wa mizabibu, unyooke.
Asubuhi ulikuwa bado na mawimbi,
ukikumbuka ulikopinda.

Basi akaufuma pindo,
vichala vya zabibu kuzunguka shuka zima,
na kila kichala, ukikiangalia kwa karibu,
kimeinama kidogo kushoto.

Filomena hulala katikati.