Kuutafuta Wimbo wa Mvua

Usianze na jina, Ezaruku.
Jina tulilipa sisi wenyewe:
siku Mama Candiru alipotufundisha
mvua ilipiga mabati mpaka hatukusikiana,
tukaimba kwa kutazamana midomo,
na tangu hapo ukaitwa Wimbo wa Mvua.
Huko kwenye hazina ya mtandao
hakuna alijuaye paa letu.

Mimi niliandika jina hilo usiku wa kwanza.
Zikaja nyimbo mia tisa:
mvua ya Kijerumani, mvua ya theluji,
mvua ya watoto wa shule na piano yao.
Bando la shilingi elfu mbili likayeyuka
kabla sijaona hata nota moja ya kwetu.

Usiku wa pili nikaandika: wimbo mzuri wa kwaya.
Cheka tu.
Ni kama kusimama katikati ya soko la Arua
ukaita, "Mama!"
Wote wanageuka.

Ndipo nikazima simu, nikachukua penseli,
nikajiuliza ninachokijua, si ninachokitaka.
Sauti? Tatu. Wanawake wamegawanyika,
wanaume wote mstari mmoja,
maana mwaka ule vijana wetu wa tena
walikuwa Kampala wakichimba misingi ya nyumba za watu.
Kinanda? Hakuna.
Lugha? Kilatini, au kilichobaki cha Kilatini
baada ya kupita vinywani mwetu.
Mtunzi? Kafa zamani.
"Huyu hatudai hata senti," Mama alisema.

Pembeni utaona visanduku.
Tia alama kimoja, tazama, kisha kingine,
kama unavyopepeta simsim.
Ukivijaza vyote kwa pupa utapata sifuri,
na sifuri haisemi umekosea wapi.

Halafu mstari wa kwanza.
Niliuandika kama sikio linavyousikia: kwi.
Kimya.
Padri Afeku, akipuliza chai yake,
akachungulia begani mwangu:
"Kilatini hakina kwi. Andika Q."
Herufi ambayo Kiswahili hakijawahi kuituma hata dukani!
Nikaandika neno moja tu, na la pili nusu,
mwisho wake nikauacha wazi,
kwa kuwa mwisho ndipo tunapokosea siku zote.

Zikabaki kumi na moja.
Usizifungue zote, bando si mali ya baba yako.
Soma nota nne za mwanzo, basi, uziimbe kwa ndani.
Ya kwanza siyo. Ya tatu, nusura.
Ya saba: so, do, do, re,
nami nikasahau kuimba kwa ndani,
na kutoka getini, gizani,
Alionga askari wa zamu
akaipokea kwa mstari wa wanaume,
rungu kwapani, bila kuulizwa.
Sikuhitaji ushahidi mwingine.

Asubuhi nikaichapisha pale mkabala na hospitali,
kurasa mbili, shilingi mia nne.
Ni mistari mitano, nawe unajua kwaya yetu husoma solfa,
kwa hiyo nilikesha tena nikihamisha.
Kufika kipimo cha tisa mkono ukasita.
Kwenye karatasi alto wanashuka, chini kabisa.
Sisi tunapanda.
Miaka ishirini na miwili tunapanda.

Nikamkumbuka Drateru,
alto wetu wa pekee enzi zile,
ambaye nota ya chini humtoka pumzi tupu.
Mama Candiru hakumwambia kitu.
Aliugeuza wimbo.

Nakala safi nimeiweka kwenye faili la kijani.
Juu ya kipimo cha tisa nimeandika kwa penseli
ile njia yetu; usiifute.
Wageni wakija na vitabu vyao waimbe walivyosoma,
sina ugomvi.
Ila Drateru bado anakuja kila Alhamisi,
na fimbo yake, mapema kuliko wote.
Yeye usimpe karatasi.