Kana

Uwanja wa mapipa, Sur, saa moja asubuhi.
Mwalimu Hamduni ananiambia kwa Kiarabu: shika sukani.
Nami, mwanafunzi wa miaka hamsini na mbili,
ulimi ukanitoroka: "Kana iko wapi?"

"Kana ndiyo nini?"

Ule mti uliochomekwa kichwani mwa usukani.
Ndio alioushika baba;
usukani wenyewe uko majini, haushikiki.
Alisema neno lilitoka pwani hizi hizi,
likavuka, likalowea Pemba,
likakuta majina wawili:
kana ya kufananisha, kana ya kukataa.
Nimelirudisha kwa ndege. Halina cheti.

Kijana akacheka. "Sisi sukani ni hii ya gari.
Na sukani, vilevile, ni wakaao mji."

Wakaao mji.
Miaka thelathini, kila dirisha la ofisi,
naulizwa asili yangu wapi,
najibu kana kwamba sikusikia.

"Haya, mama. Kulia. Polepole."

Kana husukumwa kushoto, chombo kiende kulia.
Mikono ikamtii baba.

Pipa likalia.