Swali la Tisa

Andika, Albeiro, wino wako usikauke kabla yangu.
Swali la tisa: *Kabla ya msaada, mhusika aliishi kwa nini?*
Nikujibu kwa adabu au kwa ukweli?

Niliishi kwa nywele.
Nilivuka daraja na watoto wawili, sufuria moja,
na nywele za kufika kiunoni
ambazo mama, kule Cabimas, alizipaka parachichi kila Jumapili
kama mtu anayeweka akiba bila kujua.
Ng'ambo, pale La Parada, vijana wananadi:
"Tunanunua nywele! Nywele tunanunua!"
kwa sauti ileile ya muuza maji, ya muuza sigara.
Nikakaa juani kwenye stuli ya plastiki.
Yule bwana hakuwa na kioo.
Kondoo haonyeshwi kioo.
Alikata kwa pupa, karibu na ngozi,
akazifunga kwa mpira kama fungu la mboga,
akanihesabia: chumba cha siku nne, mchele,
dawa ya kikohozi ya Edixon.
Siku ya tano nilikuwa na kichwa cha mvulana
na sina kingine kinachoota upesi.

Hilo lina kisanduku?
Basi weka alama penye *mengineyo*.

Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe.
Mimi nilipewa mwezi wa kumi na nne.
Mkasi, mashine ya kunyolea, taulo sita, kiti cha kuzunguka,
na majuma matatu ya mafunzo kwa Bi Nubia,
aliyesema kichwa cha mtu ni yai la jirani:
umepewa ushike tu.
Kiti kiligoma kuzunguka mwezi wa pili. Andika na hilo.
Andika kwamba mwenye nyumba, kuona kioo kipya, alipandisha kodi.
Andika kwamba askari wa manispaa walikuja mara mbili kudai kibali,
na mara ya tatu mmoja wao akaja kunyoa ndevu
akalipa.
Akalipa, Albeiro.
Niliichukua ile noti nikaenda uani, nikasimama tu.
Msaada hupokewa kwa mikono miwili, umeinama kidogo.
Ile niliishika kwa mmoja.

Jana aliingia msichana, kiatu kimefungwa kwa waya,
nywele mpaka mapajani. Hakusalimu.
"Mnatoa ngapi?"
Bei naijua. Mnunuzi namjua,
bado hupita kila Alhamisi na pikipiki yake na gunia.
Sikufichi: nilizipima kwanza kwa macho.
Faida yake ni kodi ya mwezi mzima,
na macho nayo yana njaa yake.

Kisha nikamwambia, kaa.
Nikamwosha. Maji yalitoka ya kahawia,
halafu ya kijivu, halafu maji.
Alisinzia mdomo wazi, huyo Dayerlin,
shingo yote ameniachia mkononi.
Nikamsuka msuko mmoja mnene, nikampa ufagio.
"Leo kuna vichwa sita kabla ya giza.
Ukifagia, katika kila kimoja una chako.
Nywele ni zako. Ukitaka kuziuza wiki ijayo, uza.
Lakini uuze umeshiba."

Sasa unatoa simu, unataka picha:
nicheke, mkasi juu, nembo yenu ionekane ukutani.
Hapana.
Piga sakafu, kabla Dayerlin hajaifikia.
Nywele za watu kumi na mmoja, nyeusi, za mvi, za rangi ya kutu,
na hakuna hata mmoja aliyeziacha hapa kwa njaa.
Hiyo ndiyo ripoti.

Halafu inuka, mteja anasubiri kiti.
Au baki hapohapo, kisogo chako kimekuwa kichaka.
Bei iko ukutani.
Ya afisa ni ileile.