Daraja Lipi?

Kizuizi cha njia ya Sikonge, saa mbili asubuhi.
Trafiki alizunguka gari mara moja, tela mara mbili,
akagonga tangi kwa funguo, likamjibu zito: limejaa.
Kisha akaishika leseni yangu mbali na macho
kama mtu anayekagua samaki wa jana.
"Kalunde Mgalula. Daraja lipi?"
"Hapo imeandikwa."
"Imeandikwa gari. Hili la nyuma si lako."

Si langu!
Misimu mitatu ya asali imeishia kwenye chuma hicho.
Rangi nilipaka mwenyewe, tairi nilinunua moja moja,
vijiji vitano vinaujua mlio wa mnyororo wake
na kutoa ndoo nje kabla sijapiga honi.

Lakini sikubisha sana.
Kulikuwa na jambo sikumwambia.

Kati ya herufi na herufi, mwalimu wangu wa darasa la kwanza
hakuacha nafasi ya kupitisha wembe.
Serikali imepitisha hapo kiwanja kizima:
daktari wa macho pale Kitete, picha ya kutocheka,
stakabadhi, foleni, stakabadhi ya foleni,
koni kumi na mbili zilizopauka
na mtahini mmoja, Nkwabi, mwembamba kama spoku,
asemaye maneno kana kwamba anayalipia.
"Rudi nyuma," alisema.

Rudi nyuma! Ukoo wetu ni wa kwenda mbele.
Babu wa babu alitoka hapa Unyanyembe na mzigo kichwani
akaufikisha pwani kwa miguu,
na mzigo wa kichwani hauna siri, shingo inakuambia.
Baba aliswaga maksai wawili na mkokoteni;
maksai hawana rivasi, ukipotea
unazunguka shamba la mtu na kuomba radhi.
Tela ni mjadala mwingine.
Ukitaka liende kushoto, usukani unaupeleka kulia,
kidogo, halafu unajuta kidogo, halafu unalifuata.
Ukiwa na pupa linajikunja, mkia unaitafuta shingo.
Niliangusha koni ya nne. Ya tano nikaipanda.
Nkwabi akaandika kitu kirefu kuliko kosa lenyewe.

Miezi miwili nikajifunza kwenye uwanja wa mnada
siku zisizo na ng'ombe,
Kulwa mdogo wangu akisimama na ufagio mahali pa ukuta.
Tangi tupu kwanza. Kisha tangi pomoni.
Kisha nusu, na nusu ndiyo mbaya:
maji ya nusu yanaikumbuka kona
hata baada ya wewe kuisahau.

Basi niseme.
Ilikuwa masika, wiki moja kabla ya kile kizuizi,
tangi nusu, mteremko wa kuelekea daraja,
lile jembamba lisilo na kingo.
Nilikanyaga breki na gari likatii,
lakini kule nyuma hakuna aliyesikia.
Kwenye kioo niliona ubavu wa tela langu mwenyewe,
ule nilioupaka rangi,
ukija kunipita kama mgeni mwenye haraka.
Watoto wa shule walikuwa darajani, viatu mkononi.
Sijui ni nini kililinyoosha. Si mimi.
Walinipungia.

Mtihani wa pili koni zote zilibaki zimesimama.
"Haya," akasema Nkwabi, neno lake la siku.
Nilipopita tena kizuizini, kadi mpya kifuani,
trafiki alikuwa ananunua karanga;
akanipa mkono wa kupita bila kugeuka.
Nilisimama.
Nikamnyooshea. "Uliniuliza daraja lipi."
Akaitazama kadi, akaitazama foleni nyuma yangu.
"Mama, ondoa tela lako."

Lako.
Nilishuka nikakagua pini, mnyororo, taa za nyuma,
nikapanda,
nikashuka tena nikakagua pini.